Kupiga Picha Simba, Chui na Duma Katika Bustani ya Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Dar es Salaam wanapojiandaa kwenda kupiga picha za paka wakubwa, au wanaporudi wakiwa na picha nyingi za nyaya na chache za mnyama. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo makosa huwa mengi, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni moja tu.

Simu yangu inatosha, au ni lazima niwe na kamera?

Simu inatosha iwapo kati yako na mnyama kuna kioo, au iwapo unaruhusiwa kuusogelea wavu kiasi cha kuielekeza lenzi ya simu katikati ya tundu moja la wavu huo. Lenzi ya simu ni ndogo kuliko matundu ya nyavu nyingi, kwa hiyo ikikaa sawasawa hakutakuwa na waya wowote mbele yake. Tatizo huanza pale ambapo kizuizi cha usalama kinakuweka mita moja au mbili kutoka kwenye wavu. Simu ikivuta picha kutoka hapo huwaona waya na mnyama kwa ukali unaokaribiana, na programu yake ya kufifisha mandhari ya nyuma huyakata masharubu na manyoya ya masikio kana kwamba ni sehemu ya ukuta.

Hapo ndipo kamera yenye lenzi ya milimita 200 au 300, hata kama ni ya mtumba, hufanya kazi isiyowezekana kwa simu. Anayeanza hana haja ya kukimbilia kununua. Wapiga picha wa harusi huwa na shughuli nyingi mwisho wa wiki, na wengine hukubali kukodisha kamera yao Jumanne au Jumatano kwa makubaliano mazuri. Siku moja ya namna hiyo itakufundisha kama kweli unaihitaji.

Kwa nini picha zangu zote zinaonyesha nyaya?

Ama kamera ililenga waya badala ya mnyama, ama mwanya wa lenzi, yaani tundu la ndani linalopitisha mwanga, ulikuwa mdogo mno, na mara nyingi ni yote mawili. Jambo hili linastahili kueleweka vizuri, kwa kuwa anayelielewa hahitaji tena kukariri mipangilio ya mtu mwingine.

Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa mwanya wake. Lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa hadi f/4 ina mwanya wa milimita 50. Waya wenye unene wa milimita 3 ukiwa karibu sana na mwanya wa upana huo hauwezi kuuziba: mwanga unaotoka kwa mnyama hupita pande zote mbili za waya na kukutana tena ndani ya kamera, na waya wenyewe hutawanyika hadi ukawa utando mwepesi ambao jicho haliutambui. Ukiibana lenzi hiyohiyo hadi f/16, mwanya hubaki na milimita 12.5 tu, na waya uleule, ambao sasa umechukua sehemu kubwa ya njia ya mwanga, hurudi kwenye picha kama mstari wa kijivu. Ndiyo maana mtu anayepiga kwa mpangilio wa otomatiki adhuhuri, kamera ikijibania mwanya kwa sababu ya ukali wa jua, hupata nyaya nyingi kuliko yule aliyepiga asubuhi.

Kwa hiyo fungua lenzi hadi mwisho, tumia urefu wake wote, sogea karibu na wavu kadiri kizuizi kinavyoruhusu, kisha umsubiri mnyama aondoke karibu na wavu. Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Simba aliyelala akiwa ameuegemea wavu hakuna lenzi itakayomtenganisha nao, lakini akisimama na kwenda mita tano au sita upande wa ndani, waya ule hutoweka bila wewe kubadilisha chochote.

Angalia pia jua linaangukia wapi. Waya unaopigwa na jua hung'aa, na hata usipoonekana huitia picha nzima weupe unaofanana na moshi. Tafuta sehemu ya wavu iliyo kivulini, au mwombe mwenzako autie kivuli kwa mwavuli au kwa khanga iliyokunjuliwa. Katika kulenga, chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho, maana kamera ikiachiwa ichague yenyewe hukamata kitu kilicho karibu zaidi, nacho ni waya. Kamera ikiendelea kushindwa, zima fokasi ya otomatiki na uzungushe pete ya lenzi kwa mkono. Mnyama aliyelala hukupa muda wa kutosha kufanya hivyo.

Kuhusu uzio ulio nyuma ya mnyama, dawa yake ni kuhama. Hatua tatu kushoto au kulia, au kuchuchumaa, mara nyingi huubadilisha ukuta wa bati kuwa kichaka.

Na penye kioo?

Iguse lenzi kwenye kioo, ikiwa na kifuniko cha mpira mbele yake ili isikikwaruze, na uielekeze kwa unyoofu badala ya mshazari. Picha inayopigwa kwa mshazari hupitia kioo kinene zaidi na hupoteza ukali. Mwako unaouona juu ya kioo ni mwanga unaotoka upande wako, kwa hiyo kipande cha kaniki kilichozungushwa kwenye lenzi huuzuia kabisa, na nguo nyeusi hukusaidia kuliko shati jeupe. Futa upande wako wa kioo kwa kitambaa laini kabla ya kuanza, kwani alama za vidole vya watoto waliotangulia ziko palepale unapotaka kupigia.

Niende saa ngapi, na msimu gani?

Bustani ikifunguliwa tu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda kwa kasi. Mwanga laini wa asubuhi haudumu. Kufikia saa nne kivuli cha paji la uso huwa kimekwisha kuyafunika macho ya simba, na picha inayokosa macho imekosa karibu kila kitu. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hutusimamia utosini kabisa, ilhali mwezi Juni hupita upande wa kaskazini likiwa na kimo cha takriban nyuzi 60, na hata picha za mchana huwa na nafuu kidogo.

Wanaokwenda kwenye bustani ya wanyama iliyoko Kigamboni waihesabu safari tangu alfajiri. Kivuko cha Magogoni kina foleni yake, na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, huwafaa zaidi wanaotoka upande wa Kurasini na Temeke. Nachagua siku ya kazi kila ninapoweza, kwa sababu kelele zikiwa chache mnyama hufanya mambo yake.

Usiiogope siku ya mawingu. Wingu jembamba ni mwanga mzuri kuliko jua kali, hasa kwa chui mweusi. Chui huyo si aina ya peke yake. Ni chui aliyezaliwa na rangi nyeusi nyingi mwilini, na madoa yake yapo. Kwenye jua la utosi huonekana kama shimo jeusi, lakini chini ya wingu, au mwanga ukimjia kutoka ubavuni, madoa hujitokeza kama nakshi kwenye kitambaa cha hariri.

Nimesimama saa nzima na simba amelala tu. Nifanyeje?

Simama saa nyingine. Simba hupumzika hadi saa 20 katika siku moja, porini na bustanini vilevile, na hiyo si dalili ya ugonjwa wala ya kuchoshwa na wageni. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mpiga picha hana budi kuwa na mwendo huohuo.

Kumrushia jiwe, kugonga kioo, kupiga mluzi au kumwigizia ngurumo ni makosa, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeyaona yote, mara nyingi yakifanywa na watu wazima mbele ya watoto wao. Mnyama hana chumba cha kukimbilia. Na hata asiyemhurumia mnyama afikirie picha yake: simba aliyeshtuliwa hulaza masikio, hukaza uso na kuondoka akikupa mgongo.

Kuna njia iliyo bora. Mwulize mtunza wanyama ni saa ngapi anapopita, na ni wakati gani chakula hutolewa. Simba anayesikia hatua au sauti ya mtunzaji wake huinua kichwa, hutega masikio mbele na kutazama kwa macho yaliyofunguka wazi, nayo ni sura ambayo mgeni hawezi kuipata kwa kelele zozote. Pia jifunze utaratibu wa kuamka. Paka mkubwa anapoamka hujinyoosha, hupiga mwayo, na mara nyingi mwayo wa kwanza hufuatwa na wa pili. Ukiuona wa kwanza, usihangaike kuuwahi; inua kamera, lenga jicho, usubiri unaofuata.

Wakati mwingine wa kuweka kidole chako tayari ni pale dume anaponusa mahali palipokojolewa na jike. Huinua kichwa, hukunja pua na kuacha mdomo wazi kwa sekunde kadhaa, akiipeleka harufu kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Wengi hudhani amekasirika. Hakukasirika, anasoma habari.

Je, naruhusiwa kutumia flashi?

Izime kabla hujafika, na uhakikishe flashi ya simu nayo imezimwa. Nyuma ya mboni ya jicho la paka kuna tabaka linalorudisha mwanga ili limsaidie kuona gizani, na flashi ikiligonga tabaka hilo macho hutoka kijani kibichi kama taa. Mbele ya wavu au kioo, flashi humulika kizuizi badala ya mnyama. Inamsumbua na inaiharibu picha, kwa hiyo sioni sababu hata moja ya kuitumia.

Mipangilio ipi ya kamera nianze nayo?

Kwa mnyama aliyelala au kuketi, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huuruhusu mwanga kuingia, ya sekunde 1/320 inatosha kwa lenzi ya milimita 300 inayoshikwa mkononi. Kwa anayetembea anzia 1/500, na kwa anayekimbia au kuruka 1/1000 au zaidi. Acha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuukamata mwanga, ipande hadi 1600 au 3200 banda likiwa na giza, kwani chembechembe kwenye picha zinavumilika kuliko mtikisiko. Kamera hujaribu kuifanya kila picha iwe na mwanga wa wastani, ndiyo maana humfanya chui mweusi awe wa kijivu. Punguza mwanga kwa hatua moja kwake. Ikiwezekana, hifadhi picha kama faili ghafi (RAW), kwa kuwa rangi ya simba chini ya paa la bati au turubai ya kijani hubadilika mno na utataka kuirekebisha nyumbani.

Mnyama anatembea kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja bila kusimama. Ni wakati mzuri wa kupiga?

Kwa ufundi ni rahisi, kwa sababu unajua atapita wapi. Hata hivyo, kutembea huko kunakojirudia mara nyingi ni alama ya mnyama aliyebanwa, ingawa wakati mwingine husababishwa na kukaribia kwa saa ya chakula. Mimi hupiga picha moja au mbili, hurudi nyuma hatua kadhaa, nikatazama kama atatulia watu wakipungua. Asipotulia, nampelekea taarifa mtunzaji, kwani yeye ndiye anayejua tabia za mnyama huyo za kila siku.

Nikienda na watoto, nizingatie nini?

Wasikimbie kando ya uzio, wasichuchumae wakiwa wamempa mnyama mgongo, na wasivuke kizuizi hata kofia ikiangukia upande wa pili. Mtoto anayekimbia huamsha silika ya kuwinda, na chui hasa humfuata kwa macho hatua kwa hatua. Kuna wazazi wanaoitafuta picha hiyo kwa makusudi, mtoto akiwa mbele na chui akiwa amejikunja nyuma ya wavu. Nawasihi wasiitafute. Mkono, simu au kijiti cha kupigia picha visipite kwenye tundu la wavu kwa hali yoyote, maana kucha za chui hutoka haraka kuliko mtu anavyoweza kuurudisha mkono.

Wanyama wanaoonyeshwa Sabasaba wanafaa kwa picha?

Banda la Maliasili katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, huvuta umati mkubwa kila msimu wa maonesho, na eneo huwa finyu. Nenda asubuhi ya siku ya mwanzo, usizuie foleni, na utosheke na picha za uso. Kwa picha ya mwili mzima, mahali pake si hapo.

Niandike jina gani chini ya picha? Wengine huwaita wote chui.

Jina sahihi ni sehemu ya picha, na Kiswahili kinayo majina. Simba hana utata. Chui ana madoa yaliyojikusanya kama maua, yenye uwazi katikati. Duma ana madoa meusi ya duara yaliyojaa, kifua kirefu, miguu myembamba, na michirizi miwili meusi inayoshuka kutoka kwenye macho hadi mdomoni kama machozi. Mwenye milia ni simbamarara, ambaye asili yake ni Asia na hayupo katika pori lolote la Tanzania. Jagwa wa Amerika hufanana na chui, ila ndani ya maua yake mara nyingi kuna vitone vidogo, na kichwa chake ni kipana zaidi.

Wanasayansi huwaweka simba, chui, simbamarara, jagwa na chui wa theluji katika jenasi moja ya Panthera, na duma yuko nje ya kundi hilo. Duma hangurumi, hukoroma kama paka wa nyumbani na kulia kama ndege. Kwa hiyo usiandike kwamba duma wako ananguruma, na simba uliyemkuta akipiga mwayo mwandikie kwamba anapiga mwayo.

Nikiiweka picha mtandaoni, lazima niseme ilipigwa bustanini?

Ndiyo, na katika jambo hili silegezi. Kuuondoa waya kwenye picha kwa ufundi wa lenzi ni halali. Kumwondoa mnyama katika maisha yake halisi na kumpa mengine kwa maneno yaliyo chini ya picha ni udanganyifu. Tunaishi katika nchi ambayo simba wa porini wapo kweli, katika hifadhi za Serengeti, Ruaha na Nyerere, na kuna wapiga picha wanaotumia majuma kadhaa kwenye vumbi ili wampate mmoja akiwa kwenye mwanga mzuri. Picha ya Kigamboni ikiandikwa Serengeti inawadhulumu hao, na inampotosha mwanafunzi anayejifunza mazingira ya mnyama kwa kutazama kile kilicho nyuma yake.

Mashindano mengi ya picha za wanyamapori hukataa wanyama walio kizuizini au hutaka jambo hilo litajwe wazi. Katika shindano kubwa linaloandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, picha iliyoshinda mwaka 2009, ya mbwamwitu akiruka lango, ilifutwa mwezi Januari 2010 baada ya majaji kuamini kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Kilichoiangusha picha ile si ubora wake, bali kile kilichodaiwa kuihusu.

Maneno mafupi yanatosha: jina la mnyama, bustani, mji na tarehe. Sijawahi kuona picha nzuri ikipungua thamani kwa maneno hayo.

Je, naweza kuuza picha hizo, au kurusha droni juu ya mabanda?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha uliyoipiga ni kazi yako. Hata hivyo, bustani ni mahali pa mtu au taasisi na inaweza kuweka masharti kwa upigaji wa kibiashara, kwa hiyo omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuleta taa na wasaidizi. Picha ikiwa na sura za watoto wa watu wengine, waulize wazazi wao kabla ya kuisambaza. Droni usilete: urushaji wake nchini unahitaji kibali cha mamlaka, na mlio wake juu ya banda huwatia wanyama hofu wasiyoweza kuikimbia.

Lenzi yangu huingia ukungu. Inatokana na nini?

Inatokana na kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto lenye unyevu la pwani. Siku yangu ya kwanza ya namna hiyo nilikosa nusu saa ya mwanga bora, simba akiwa amesimama wima mbele yangu na mimi nikifuta kioo kilichokuwa kikijaa tena. Zima kiyoyozi dakika 20 kabla ya kufika, au iache kamera kwenye begi lililofungwa hadi ipate joto la nje. Nyumbani, ihifadhi kwenye ndoo au boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye masanduku ya viatu, maana katika mji wetu kuvu huota ndani ya lenzi na kuitoa ni kazi ya fundi. Mchele mkavu haufai. Vumbi lake huingia kwenye pete.

Kuna faida gani ya kurudi kwa mnyama yuleyule?

Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya bustani ya wanyama, na mgeni wa siku mbili porini haipati. Madoa madogo yaliyo kwenye mizizi ya masharubu ya simba hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na watafiti huyatumia kumtambua kila simba. Piga basi uso wake upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa ukaribu, mwanga ukiwa laini. Pua nayo hubadilika: ya simba mdogo ni ya waridi, kisha vitone vyeusi huongezeka mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba weusi wa pua ni moja ya njia za kukadiria umri wa simba. Manyoya ya shingo ya dume kijana hurefuka na mara nyingi hukolea rangi.

Rudi kila baada ya miezi mitatu, simama mahali palepale, tumia lenzi ileile, na uyape mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku. Zikifika picha nane au tisa, zichapishe kwa ukubwa mmoja, uzipange mezani kwa mfuatano, na umpelekee nakala mtunza wanyama, ambaye humwona simba huyo kila siku na kwa sababu hiyohiyo si rahisi kwake kuona alivyobadilika.